Haki ya Kutoamini: Ebola ya Butembo na Beni Mbele ya Falsafa



Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi, CENI, ilitangaza kwamba watu wa Beni na Butembo na vijiji vinavyoizunguka miji hii hawatapiga kura pamoja na nchi nzima. Sababu zilizotolewa ni usalama mdogo na Ebola. Kura yetu ikasogezwa hadi Machi 2019. Nchi ilipiga kura tarehe 30 Desemba, rais akaapishwa tarehe 24 Januari, sisi tukiwa bado tunangoja. Na wakati huohuo soko lilikuwa limejaa, makanisa yamejaa, waendesha pikipiki wanabeba abiria wawili wawili kama kawaida. Kupanga mstari kununua unga hakukuwa na hatari. Kupanga mstari kupiga kura ndiko kulikuwa na hatari. Siku iliyofuata tangazo lile, mjini Beni, waandamanaji walikivamia kituo cha muda cha wagonjwa wa Ebola, na wagonjwa waliokuwa wakisubiri majibu wakakimbia.

Sasa mfikirieni mama mmoja wa Katwa, hapa Butembo, jioni ile ya tangazo. Sitaji mtu, nataja aina ya mtu ambaye sote tuliishi naye, na wengine humu ndani tulikuwa yeye. Anasikiliza redio, anazima, anasema: hii Ebola ni ya siasa. Alikosea. Hilo halina mjadala tena: mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukianzia Mangina, uliisha tarehe 25 Juni 2020 ukiwa umehesabiwa wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Ugonjwa ulikuwepo na uliua. Lakini kukosea ni jambo moja, na kuamini bila haki ni jambo jingine. Mtu anaweza kukosea akiwa na sababu nzuri, na anaweza kupatia kwa bahati tu. Swali langu la leo ni hili: mama yule, pamoja na kosa lake, alikuwa na haki ya kuamini alichoamini?

Mnajua jibu lililotolewa wakati ule. Lilitolewa kwenye mikutano ya saa mbili asubuhi, kwenye magari meupe, kwenye taarifa za kila siku. Jibu lilikuwa neno moja: ujinga. Septemba 2018 watafiti walioongozwa na Patrick Vinck wa Harvard waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo, na matokeo yakachapishwa mwaka uliofuata katika jarida la The Lancet Infectious Diseases. Kama robo yao hawakuamini kwamba Ebola ipo. Namba hiyo ilizunguka dunia. Katika utafiti uleule kulikuwa na namba nyingine ambayo haikusafiri sana: chini ya theluthi moja ndio waliosema kwamba viongozi wa mahali wanajali maslahi yao. Mimi nadhani namba ya pili ndiyo baba wa ile ya kwanza, na falsafa inaweza kutuonyesha kwa nini.

Tuanze mbali kidogo, nami nitakwenda mbio.

Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Meno, anauliza mtu anayejua njia ya kwenda mji wa Larisa anamzidi nini yule anayekisia tu na kupatia. Wote wawili watafika. Basi kujua kunaongeza nini? Kwa karne nyingi jibu lilikuwa kwamba anayejua ana imani ya kweli na juu yake ana sababu inayoishikilia imani hiyo isimtoroke. Mwaka 1963 Mmarekani Edmund Gettier akaandika makala ya kurasa tatu akionyesha kwamba hata hiyo haitoshi: mtu anaweza kuwa na imani ya kweli na sababu nzuri, na bado ukweli ule ukamjia kwa bahati mbali na sababu zake. Kurasa tatu tu, na wanafalsafa hawajalala vizuri tangu siku ile.

Toka hapo njia zikagawanyika. Kundi moja, nitaliita la ndani, linasema haki ya kuamini iko mikononi mwa anayeamini mwenyewe. Unachokiona, unachokikumbuka, ulichoambiwa, unavyovipima hivyo vyote: hiyo ndiyo mahakama. Kama watu wawili wana vitu vilevile vichwani mwao, basi haki yao ni sawa, hata kama mmoja anadanganywa na mwenzake hadanganywi. Mtu hawezi kulaumiwa kwa jambo lililo nje ya uwezo wake wa kuliona.

Kundi la pili ni la nje. Linasema usiniambie unavyojisikia. Niambie imani yako ilizaliwa wapi. Alvin Goldman, katika makala yake ya 1979, alisema imani ina haki ikiwa njia iliyoizaa ni ya kutegemewa, yaani njia ambayo kwa kawaida huleta ukweli kuliko uongo. Kujua kwamba njia yako inategemewa si lazima. Inatosha itegemewe. David Armstrong wa Australia alikwisha kutoa picha yake mwaka 1973: mjuzi ni kama kipimajoto kizuri. Kipimajoto hakijui lolote juu ya zebaki, lakini kinapoonyesha digrii ishirini, ni digrii ishirini.

Picha hiyo sisi hatukuhitaji kuisoma kitabuni. Kwa miaka miwili tulielekezewa kipimajoto kwenye paji la uso kila kizuizi, toka Beni mpaka barabara ya Goma. Na waliopita Lubero alfajiri wanakumbuka: mji uko juu, baridi inauma, abiria wa pikipiki anashuka uso umeganda kwa upepo. Mpimaji anaelekeza mashine, inasoma namba ya chini ambayo mtu aliye hai hawezi kuwa nayo, na mpimaji anaandika namba ileile daftarini. Mashine nzuri, mahali pabaya. Watu wa nje wenyewe hukubali jambo hili: kutegemewa si sifa ya chombo peke yake, ni sifa ya chombo pamoja na mahali kinapotumika. Liwekeni akilini, nitalihitaji.

Kuna mtu mwingine wa nje tunayemfahamu zaidi: mnunuzi wa dhahabu hapa mjini. Mchimbaji anashuka na kichembe chake kimefungwa kwenye kipande cha karatasi. Mzee anakiangalia, anakigeuza kidoleni, anasema, hii imechanganywa. Kabla ya jiwe la kupimia, kabla ya asidi. Muulize umejuaje, atakuambia nimeona tu. Ukipima, amepatia, na kesho atapatia tena. Mtu wa nje anasema mzee anajua, mwisho wa habari. Mtu wa ndani anakuna kichwa: unawezaje kujua jambo usiloweza kulitolea sababu hata moja?

Laurence BonJour, mtu wa ndani, aliutumia ugumu huo mwaka 1980 dhidi ya akina Goldman. Alimbuni mtu aitwaye Norman, mwenye kipaji cha kuona mambo ya mbali, kipaji ambacho kwa kweli hakikosei, lakini Norman mwenyewe hana habari yoyote ya kumwonyesha kwamba anacho. Siku moja anaamini ghafla kwamba rais yuko New York. Na kweli yuko. BonJour anauliza: je, Norman ana haki ya kuamini hivyo? Wengi tukisikia tunasema hapana, huyo anaropoka, hata kama amepatia. Nasema kama mtu wa Butembo: tuna akina Norman wengi katika vyumba vyetu vya maombi, na baadhi ya wagonjwa wa 2018 walilala humo wakingoja unabii wakati homa inapanda.

Basi turudi Katwa.

Nianze na watu wa ndani, maana kesi ya mama wanaiweza vizuri. Mama yule alikuwa na nini kichwani? Kwanza, tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa, usiku baada ya usiku, na jeshi likiwa karibu. Waliandika, waliandamana, walizika. Magari hayakuja. Halafu Agosti 2018 ugonjwa mmoja unatajwa na magari yanakuja kwa mamia, nyumba zinapangishwa kwa dola, vijana wanaandikwa kazi kwa posho ambayo mwalimu haioni mwaka mzima. Watu wakaupa mpango huo wote jina lake, Ebola bizinesi. Pili, dalili. Alikuwa ameambiwa Ebola ni damu kutoka machoni. Jirani yake alipelekwa kituoni na homa, kichwa na kutapika, kama malaria yoyote. Hakujua, maana hakuna aliyemwambia, kwamba wagonjwa wengi wa Ebola hawatoki damu kabisa. Tatu, waliokwenda kule wengi walirudi kwenye mfuko uliofungwa. Hakuambiwa kwamba walipelekwa wamechelewa. Nne, majibu yenyewe yalijipinga: fulani amepimwa, hana, siku mbili baadaye amepimwa, anayo. Kwa mtu yeyote mwenye akili, jibu linalobadilika namna hiyo ni jibu linalonunuliwa, au basi ni kwamba ameambukizwa humohumo kituoni. Na juu ya hayo yote, tarehe 26 Desemba, serikali inautumia ugonjwa uleule kumnyang'anya kura.

Pimeni ushahidi huo kwa haki. Mnadhani ulielekea upande gani? Mimi nimeupima mara nyingi na sioni ujinga ndani yake. Naona mtu aliyefanya kile ambacho wanafunzi wa mwaka wa kwanza tunawafundisha: usipokee neno la shahidi ambaye ana faida katika neno hilo.

Nisieleweke vibaya hapa. Haki ya kutoamini haizai haki ya kuua. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutusaidia kwa niaba ya Shirika la Afya Duniani, alipigwa risasi hapa mjini tarehe 19 Aprili 2019, ndani ya hospitali ya chuo kikuu, akiwa kwenye mkutano na wenzake. Miezi miwili kabla, vituo vya Katwa na Butembo vilikuwa vimechomwa ndani ya wiki moja. Anayeshuku shahidi anaweza kukaa kimya, anaweza kuuliza, anaweza kukataa sindano. Waliofyatua risasi hawakuwa wakifanya falsafa.

Sasa watu wa nje. Wao wanamtazama mama na kusema: pole sana, lakini imani yako imezaliwa na uvumi, na uvumi wa wakati wa hofu si njia ya kutegemewa. Lisemwalo lipo, tunasema, na kama halipo li njiani. Basi Butembo mwaka ule yalisemwa mengi ambayo hayakuwepo na hayakuwa njiani. Upande wa pili yuko fundi wa maabara. Yeye anatia sampuli ya damu kwenye katriji, anaiweka kwenye mashine ya GeneXpert, na kwa muda wa saa moja na nusu hivi mashine inatafuta vipande viwili vya virusi na kutoa jibu. Fundi huyo anaamini kwamba mgonjwa ana Ebola. Anajua? Watu wa nje wanasema anajua kabisa. Mashine inategemewa, na ndiyo iliyozaa imani yake.

Lakini muulizeni fundi mashine inafanyaje kazi. Wako watakaoeleza vizuri. Wengi watasema tulifundishwa kusoma majibu, haya hapa. Daktari aliyelipokea jibu kutoka kwa fundi anajua machache zaidi juu ya mashine. Mhamasishaji aliyetumwa nyumbani kwa mgonjwa anajua machache kuliko daktari. Na huyo ndiye aliyesimama mlangoni kwa mama wa Katwa.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Watu wa riposti, yaani kampeni ya kupambana na Ebola, walijipima wenyewe kwa mizani ya nje: sisi tuna haki ya kuamini, kwa sababu chombo chetu kinategemewa, hata kama wengi wetu hatuwezi kukieleza. Walipofika kwa mama walibadilisha mizani. Wakamdai sababu: kwa nini huamini, toa hoja, ujinga huo umeutoa wapi? Alipotoa hoja zake, na zilikuwa hoja, wakarudi kwenye mizani ya kwanza wakasema hoja si kitu, chanzo chako kibovu. Mama naye hakuwa mtakatifu. Daktari alimdai ushahidi wa kila kitu, hadi aione maiti. Binamu yake aliyemletea habari kwamba vituoni wanatoa viungo vya watu na kuviuza hakumdai chochote. Kila upande ulikuwa na mizani mbili, na kila upande ulichagua ya kujipimia. Ugomvi wa namna hiyo hauwezi kwisha kwa kuongeza mabango.

Mnaweza kusema, basi chagua, mizani ipi ni ya kweli? Kuhusu kujua kwenyewe, mimi ni mtu wa nje. Fundi wa maabara alijua, mama hakujua, na kama mama angeotea kwamba Ebola ipo, bado asingejua. Kuhusu lawama, mimi ni mtu wa ndani: siwezi kumlaumu mtu kwa ushahidi ambao hakuna aliyemfikishia. Wako watakaoona huku ni kukalia viti viwili, na ningekubali kama ningeishia hapo. Lakini kuna mambo mawili yaliyotokea hapa kwetu yanayonizuia kuwaachia watu wa ndani hata hiyo nusu yao bila masharti, na kuwaachia watu wa nje ushindi wao bila aibu.

La kwanza ni la Beni, na halipendezi kulisema. Miezi ya mwanzo ya mlipuko, watoto wengi waliambukizwa Ebola kwenye vijumba vya matibabu vya mitaani, vile vinavyochanganya dawa za hospitali na dawa za asili, tunavyoviita tradimoderni. Mtoto alipelekwa na malaria, akachomwa sindano au akalazwa kitanda kimoja na mgonjwa mwingine, akarudi nyumbani na Ebola. Sasa tazameni sababu za mzazi. Muuguzi yule anamfahamu. Ndiye aliyemtibu mtoto wake wa kwanza akapona. Anakopesha bila kudai riba, anaongea Kinande, anakuja msibani. Sababu za ndani haziwezi kuwa nzuri kuliko hizo. Uaminifu wote ambao riposti ilikosa, kijumba kile kilikuwa nao. Na ndicho kilichoua. Mzazi alikuwa na haki ya kuamini kwa vipimo vyote vya ndani, na haki hiyo haikumsaidia kitu. Anayewaambia kwamba dawa ya yote haya ni imani ya jamii kwa watu wake, mkumbusheni vijumba vya Beni.

La pili linawahusu madaktari. Kuanzia Novemba 2018 vituo vyetu vya matibabu vilikuwa vikijaribu dawa, mwanzoni tatu, ZMapp, remdesivir na mAb114, kisha ya nne, REGN-EB3. Hakuna aliyejua ipi ni bora, ndiyo maana mgonjwa alipangiwa dawa kwa kura. Agosti 2019 majaribio yakasimamishwa mapema kwa sababu mbili za mwisho zilikuwa zimeonekana kuokoa watu zaidi: waliokufa kwa zile mbili walikuwa kama theluthi moja, kwa nyingine mbili kama nusu. Moja ya zilizoshinda, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Mkongo mwenzetu, Profesa Jean-Jacques Muyembe, alikuwa na mkono wake katika kazi hiyo. Kwa hiyo, wanaosema kila kitu kilitoka nje wanyamaze kidogo.

Lakini angalieni vitanda viwili vilivyo jirani mnamo Februari 2019. Wagonjwa wawili wameambiwa na muuguzi mmoja, kwa sauti moja, dawa hii itakusaidia. Wote wanaamini. Mmoja kura imempa mAb114, mwenzake ZMapp. Vichwani mwao hakuna tofauti yoyote. Na muuguzi aliyewaambia hakuwa na zaidi ya tumaini. Mmoja wao aliamini ukweli, kwa kura. Gettier angeifurahia kesi hii, nami inanikera, maana kura ile ilichezwa chini ya neno "tunajua tunachofanya". Walijua walichofanya: walikuwa wanatafuta. Kumwambia mtu "tunatafuta" ni jambo la heshima, na naamini wengi wangelipokea. Lililosikika mitaani ni sauti ya mtu aliye na uhakika wote, na ilipotokea dawa moja ikaachwa na nyingine ikachukuliwa, mtaani tukasema: mnaona? Walikuwa wanatujaribia.

Basi mwenye chombo kinachotegemewa anadaiwa nini? Hapa nafika nilipotaka kufika. Kutegemewa kwa chombo hakuruki peke yake kutoka kwa mwenye chombo hadi kwa anayesikia habari zake. Lazima kushikwe mahali. Wajibu wa kutengeneza mahali pa kushika ni wa mwenye chombo. Msikilizaji hawezi kujitengenezea. Na hii si nadharia tu, ilifanyika.

Shirika la matibabu la ALIMA lilileta Beni vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, vinavyoitwa CUBE. Mgonjwa yuko ndani, hewa yake haitoki. Muuguzi anaingiza mikono kwa glovu zilizoshonwa kwenye ukuta, anamtundikia maji bila kuvaa yale mavazi ya kutisha. Na ndugu wanakuja, wanasimama nje ya ukuta, wanamwona. Wanamwona anakunywa, anageuka, anawapungia mkono. Kama anakufa, wanamwona anakufa, viungo vyake vyote vikiwa mahali pake. Chumba kile hakikuongeza hata chembe ya kutegemewa kwa GeneXpert. Kiliongeza kitu kimoja, kwamba sasa binti wa mgonjwa ana jambo aliloliona yeye mwenyewe, na akirudi nyumbani ana la kumjibu binamu. Mifuko ya maiti nayo ikaja ya kuona ndani, baada ya watu kusema kwa miezi mingi kwamba wanazikishwa wasichokijua. Na waliopona wakaingia vituoni kulea watoto ambao mama zao hawawezi kuwagusa: mtu mwenye jina, mwenye mtaa, aliyeingia na akatoka.

Ukitazama vizuri, hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji mama wa Katwa ajue jeni ni nini. Yalimpa njia ya kukamata uongo kama uongo upo. Kama viungo vinaibwa, ukuta angavu utamwonyesha. Kama hakuna anayetoka hai, ataona hakuna anayetoka. Hapo ndipo mahali pa kushika ninapopazungumzia: siyo maelezo ya mashine, ila nafasi ya kumnasa mwenye mashine. Ajabu ni kwamba mambo haya yaliitwa mawasiliano, kana kwamba ni mapambo. Kwangu mimi yalikuwa sehemu ya ushahidi wenyewe. Bila hayo mtu wa nje anabaki kuwa kama Norman mbele ya watu: anasema kweli, na hakuna sababu ya kumsikiliza.

Najua pingamizi, limeshaletwa kwangu na wanafunzi. Wapo walioletwa hadi kwenye ukuta angavu, wakaona, wakatoka wakisema ni maigizo. Hao je? Kwa hao mizani inageuka. Clifford, Mwingereza aliyeandika mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini, alimsema mwenye meli aliyejituliza kwamba meli yake ni nzima bila kuikagua, akaipeleka baharini na abiria. Alisema mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika salama. Aliyepewa nafasi ya kukagua akaifumbia macho hawezi tena kujificha nyuma ya ushahidi wa ndani, kwa sababu sasa ushahidi wa ukuta angavu uko ndani pia. Ila angalieni lawama inaanza lini: inaanza baada ya ukuta angavu. Desemba 2018 mama wa Katwa alikuwa bado anaangalia turubai.

Mwingine aliniuliza kama nataka kila daktari asimame kutoa mhadhara kabla ya kupima malaria. Hapana. Siku nyingi hatuhitaji mahali pa kushika kwa sababu hakuna anayetilia shaka, na maisha hayawezi kwenda bila kuamini maneno ya watu. Juni 2024, Kanyabayonga ilipochukuliwa na waasi wa M23, watu wa kusini mwa Lubero hawakungoja taarifa. Waliona magodoro yamefungwa juu ya pikipiki za watu wa kijiji cha mbele, wakafunga ya kwao. Godoro juu ya pikipiki ni shahidi mzuri: hakuna anayebeba godoro kilomita thelathini kwa faida ya siasa. Deni ninalolizungumzia linamwangukia shahidi aliye na faida katika ushahidi wake. Riposti ilikuwa na mishahara, serikali ilikuwa na kura.

Ebola ilirudi Februari 2021. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa mwanamke wa eneo la afya la Biena, hapahapa Lubero, mke wa mtu aliyepona mlipuko wa kwanza. Safari hii ilikwisha tarehe 3 Mei, wagonjwa 12, waliokufa sita. Waliofanya kazi kubwa walikuwa wauguzi na mafundi wa hapa, waliofunzwa na miaka miwili ya kwanza. Nimesikia ikisemwa kwamba tulishinda kwa sababu safari hii watu waliwaamini watu wao. Mnajua nilivyosema juu ya vijumba vya Beni, kwa hiyo sitosheki na maelezo hayo. Nadhani kulikuwa na jambo lingine pia. Muuguzi wa hapa anapokosea anajulikana anapoishi. Unaweza kwenda kumgongea mlango.

Nina ombi moja kwa wanafunzi wa udaktari na maabara waliomo humu, kisha nipokee maswali. Kipimo cha damu kilichochukuliwa kabla ya siku tatu tangu homa ianze kinaweza kusema mtu hana Ebola wakati anayo. Ndiyo maana lazima kirudiwe. Hilo lilijulikana na kila fundi mwaka 2018. Mama wa Katwa hakuambiwa, na aliposikia hana, kisha anayo, akajijazia mwenyewe pengo lililobaki. Mlipuko mwingine utakapokuja, sentensi hiyo iandikwe kwenye karatasi ya majibu anayopewa ndugu wa mgonjwa, kwa Kiswahili na kwa Kinande, juu kabisa, kabla ya jibu lenyewe.